Soseji, firimbi na kioo: namna ya kuchagua vifaa vya kuomba msaada ukizamia Unguja na Pemba

Nianze na nazi. Ushawahi kuwa kwenye boti mwenzio akakwambia ile pale nazi inaelea, wewe unatoa macho huioni mpaka wimbi liinyanyue, ukisema "aah ile" ishapotea tena? Bas kichwa cha mzamiaji aliyeibuka mbali na boti ndo kile kile, nazi, tena nyeusi mana suti nyeusi, kofia nyeusi, na nywele zetu nazo unazijua.

Mie ni daivmasta, yani kiongozi wa wazamiaji, huku Nungwi na hili nimelijua kwa kuwa nazi mwenyewe. Siku moja tulizamia Leven Bank, ule mwamba ulio kaskazini ya Nungwi njia ya kwendea Pemba, tukiwa wanne. Mkondo chini ulikuwa mkali kuliko tulivotarajia, tukaamua kupanda mapema, tunatoka juu boti hiyoo iko mbali, nahodha anatazama upande tulioshukia, na mashine inanguruma. Nikatoa soseji yangu, lile boya refu la kupulizwa, ya bei chee, mita moja, mdomo wa chini uko wazi tu hauna vavu, kile kizibo cha kuzuia upepo. Nikaijaza, ikasimama vizuri kidogo, wimbi la pili likaikamua upepo wote ikalala juu ya maji kama embe bovu. Nikapiga firimbi mpaka mashavu yakauma. Hakuna aliyesikia. Kama dakika hamsini hivi baadae ikatujia mashua ya wavuvi, mzee mmoja wa makamo ameshika usukani, anatushangaa. Tukamuamkia "shikamoo ami" midomo inatetemeka kwa baridi, akaitikia marahaba wanangu, alafu akasema maneno sijayasahau: "Siye tumedhani dumu la nyavu limekatika, tunakuja kuliokota. Kumbe watu!"

Yani tumeokolewa kwa sababu soseji yangu mbovu ilifanana na dumu la mtu. Tokea siku hiyo kila mtu akiniuliza anunue nini namjibu kwa swali: nani atakuja kukutafuta, na yeye anaona nini, anasikia nini? Mwongozo wote huu umesimama hapo.

Hatua ya 1: kabla ya pesa, mjue atakaekuona

Maelezo mengi ya vifaa hivi yameandikwa kwa nchi zenye helikopta ya uokozi karibu na meli za walinzi zinazunguka. Huku kwetu wa kwanza kukutafuta ni nahodha wako mwenyewe, wa pili ni boti nyengine za daivingi zilizo karibu, wa tatu ni wavuvi, kwenye ngalawa, mashua, boti za dagaa, na wa nne ndo KMKM, kikosi cha baharini cha serikali ya Zanzibar, wakishapigiwa simu na kuanza safari. Sasa angalia hao watatu wa mwanzo wana nini. Boti nyingi ni za mbao, nahodha kasimama nyuma, jicho lake liko kama mita mbili juu ya maji. Wachache wana redio ya VHF, na skrini ya AIS, ile inayoonesha vyombo vilipo baharini, kwenye ngalawa sijaiona na sitegemei kuiona. Walicho nacho ni macho, na macho ya mvuvi mwanangu usiyafanyie mchezo, ila lazima umpe kitu cha kukiona.

Pili jua bahari yako. Mnemba mara nyingi kuna boti tele, ukiibuka pembeni hukosi mtu wa kukuona, tatizo la pale ni boti kukupanda kichwani zaidi kuliko kukupotea. Bawe na Changuu upande wa mjini hivyo hivyo. Lakini Leven Bank, au Pemba upande wa magharibi, Njao, Fundo, Misali, ni habari nyengine, ukuta unashuka kwenye maji ya kina kirefu mno na mkondo unaingia na kutoka kwenye milango ya visiwa kufuatana na maji kujaa na kupwa. Bamvua, maji yanapokwenda mbio, hesabu mkondo maradufu ya ule wa maji mafu. Na mkondo mkubwa wa pwani yetu unakwenda kaskazini mwaka mzima, wakati wa kusi ndo unapata nguvu zaidi, wakati wa kaskazi unapoa.

Hesabu yenyewe ndogo tu: noti moja ni kilomita 1.85 kwa saa, sawa na mita 31 hivi kwa dakika. Mkondo wa noti mbili ukikuchukua dakika kumi uko zaidi ya mita 600 kutoka pale nahodha anapotazama, nusu saa inakaribia kilomita mbili. Na wewe ukiwa majini jicho lako liko shubiri moja juu ya maji kwaiyo wimbi dogo tu linakuficha boti, unaanza kupaparika, ndo mambo yanapoharibika.

Hatua ya 2: soseji, na hapa usifanye ubahili

Ukinunua kitu kimoja tu nunua hiki. Mambo ya kuangalia, kwa umuhimu ninaoupa mie:

Urefu kwanza. Mita moja inatosha kumwonesha nahodha aliye juu yako kwamba mnapanda, hiyo ni kazi ya kila siku. Kwa kuomba msaada nataka mita 1.8 au zaidi, na nene, ya upana wa kiganja na zaidi ikiwa imelala kavu. Soseji nyembamba ndefu inapinda katikati kama mwanzi uliovunjika, nishaziona. Kumbuka robo yake itakuwa chini ya maji ukiishikilia isimame, kwaiyo mita 1.8 kweli inakupa kama mita moja na kitu juu ya kichwa.

Mdomo wake. Ziko za aina tatu unazoweza kukutana nazo: mdomo wazi kabisa kama ile yangu ya aibu, mdomo wenye vikunjo ndani vinavyozuia upepo kurudi, na iliyofungwa kabisa yenye kijineli cha kupuliza kwa mdomo au kuchomeka hosi ya bisidii, lile koti la upepo la mzamiaji. Chukua ya pili au ya tatu, na iwe na vavu ya kutoa upepo ukizidi, isije ikapasuka. Ya tatu naipenda zaidi kwa dharura kwa sababu ukiwa juu huna hewa kwenye mtungi bado unapuliza kwa pumzi yako mwenyewe, inasimama, na hailegei hata mawimbi yaitukane vipi. Ukiwa dukani ipulize palepale, ibane kwapani, hesabu mpaka mia. Muuzaji akikununia mwache anune.

Rangi: chungwa au waridi linalowaka. Njano inaonekana vizuri pia na wapo wazamiaji, hasa wa kina kirefu, wanaoitenga njano iwe ya dharura tu, lakini usitegemee mvuvi wa Kojani au Tumbatu anajua hilo, kwake ni rangi tu. Nyeupe usinunue hata upewe bure, inapotea kwenye povu na maboya ya nyavu mengi ni vipande vya stairofomu nyeupe. Buluu sijui nani alifikiria. Juu kwenye ncha iwe na utepe unaorudisha mwanga, usiku tochi ikipiga pale inang'aa kama jicho la paka.

Uzi na spuli. Spuli, kigurudumu cha kuviringia uzi, ile ndogo ya kidole yenye uzi wa mita 15 inatosha kwa kituo cha mita 5, pale tunaposimama kidogo kabla ya kutoka juu, lakini kwa kuta za Pemba nabeba mita 30 mana huko unaweza kutaka kuirusha mapema, ukiwa bado chini, ili boti ianze kukufuata. Rili zenye mpini ni nzuri ila zina vipande vingi vya kukwama. Kulabu ziwe za stenlesi, zile za shaba iliyopakwa rangi zikipata chumvi mwezi mmoja hazifunguki.

Kuirusha lazima ujifunze na mtu, sio kwenye maandishi, ila hesabu hii ikae kichwani: mita 10 chini mgandamizo ni mara mbili ya juu, kwaiyo ukijaza nusu ya soseji inafika juu imejaa. Mita 5 jaza thuluthi mbili. Spuli usiifunge mwilini wakati unajaza, hata kwa sekunde moja, uzi ukikwama soseji kubwa itakuvuta juu kama ndoo ya kisima na mapafu yako hayatakusamehe. Ikikwama iachie iende, soseji inanunuliwa. Tazama juu kwanza, mana kuna watu wameitia kwenye panga la boti. Ikifika juu, vuta uzi chini kidogo ukaze, ndo inasimama. Isipokazwa inalala, na ikilala ni dumu, ushasikia habari za dumu.

Hatua ya 3: sauti

Firimbi kila mtu anayo, imekuja na bisidii, iko pale begani imening'inia, na nyingi ni takataka. Inayofaa ni ile isiyokuwa na kidonge ndani, kidonge kikilowa au kikiingia mchanga haitoi kitu. Dola tano mpaka kumi, hamna kisingizio. Ijaribu ikiwa imejaa maji, ijaze kwenye beseni, itoe, puliza hapo hapo, lazima ilie mara ya kwanza.

Lakini firimbi ina mipaka yake na huku kwetu mipaka hiyo inaitwa dizeli. Nahodha aliyekaa juu ya mashine inayonguruma hasikii firimbi ya mita mia. Firimbi ni ya pale mashine imezimwa, au ya kuwaita wenzio mliotengana kwenye mawimbi, kwa hilo ni nzuri sana. Kwaiyo mwambie nahodha mapema: ukiona hatuonekani, zima mashine dakika moja, sikiliza, washa, sogea, zima tena. Hilo ni bure na lina thamani kuliko honi ya dola mia.

Na honi zenyewe zipo, zinachomekwa baina ya hosi ya bisidii na pale inapoingilia, zinatumia hewa ya mtungi. Kelele yake inatisha, usiipige karibu na sikio la mtu na kichwa chako kiweke chini ya maji au uigeuzie mbali. Udhaifu wake: mtungi ukiwa mtupu imekufa. Ndo mana siku zote nasema rudi juu na baa 50 za hewa mtungini, watu wanafikiri ni kwa ajili ya kupumua tu. Na ikikaa bila kuoshwa inaganda chumvi, kwaiyo ipige kidogo kila wiki, majirani wavumilie.

Kugonga mtungi chini ya maji ni jambo jengine, ni la kumwita mwenzio. Sauti majini inakwenda mara nne na kitu zaidi ya hewani kwaiyo masikio hayajui imetoka wapi, kila mtu anageuka huku na huku kama kuku. Beba kijichuma cha kugongea ukitaka ila usikihesabu kwenye vifaa vya dharura.

Hatua ya 4: mwanga, mchana na usiku

Kioo ndo kifaa ninachokipenda kuliko vyote na ndo watu wanachokidharau. Hakina betri, hakipasuki kikiwa cha plastiki au stenlesi, saizi ya kadi, na jua letu hili linalotuchoma bure mwanga wake ukipigwa sawasawa unaonekana kilomita nyingi, mbali kuliko kitu chengine chochote utakachobeba mkononi. Chukua chenye tundu katikati. Huna, CD ya zamani inafanya kazi mpaka chumvi iile ngozi yake.

Kulenga: nyoosha mkono mmoja, panua vidole viwili, weka boti katikati ya vidole. Mkono mwengine shika kioo karibu na jicho, cheza nacho mpaka mwanga uangukie vidole vyako, alafu upeleke juu chini taratibu kupita kwenye boti. Jifunze ufukweni, ukimpata rafiki yako aliyekaa mbali kwenye kivuli cha mkungu akapiga kelele "wee acha!" ujue umeweza. Asubuhi upande wa Matemwe, jioni upande wa Kendwa, jua liko chini na unaweza kulipeleka upande mwingi. Likiwa nyuma kabisa ya mgongo wako lazima ukiinamishe sana, inakuwa kazi.

Usiku huku kuna jambo ambalo sijaona likisemwa. Siku za giza, mwezi haupo, bahari yetu imejaa taa za wavuvi wa dagaa, ukisimama Nungwi unadhani kuna mji mwengine kule. Sasa wewe na tochi yako inayowaka tu moja kwa moja ni taa moja zaidi katika taa mia, nani atakujali? Inayotakiwa ni taa inayopepesa, ile ya kumweka, kwa sababu hakuna mvuvi wa dagaa mwenye taa inayopepesa na jicho linavutwa palepale. Tena hao wavuvi wana jenereta linalopiga kelele usiku kucha kwaiyo firimbi usahau, ni mwanga tu. Siku za mbalamwezi wengi hawatoki, bahari inakuwa tupu, hapo ndo unataka betri ya kudumu.

Kwaiyo taa ya kumweka nunua hata kama huzamii usiku. Kwetu jua likizama kwenye saa kumi na mbili na nusu giza halichelewi, hamna ile jioni ndefu, na aliyeibuka saa kumi alasiri akakosekana anakutwa na usiku chap. Inayotumia betri za kawaida za dukani naipenda zaidi ya ile ya kuchaji, betri unapata hata Wete. Na taa hii usiiwashe kwa kujifurahisha au kumtambua mwenzio kwenye daivu ya usiku, ikipepesa maana yake msaada. Tochi yako ndogo ya akiba nayo ibaki mfukoni, ina kazi ya kuimulikia soseji kwa ndani chini, inageuka taa kubwa ya chungwa, jaribu nyumbani gizani utaona.

Fataki na moshi ni vya boti, sio vyako. Havipendi kina na ndegeni hawakuruhusu. Muulize nahodha anavyo na tarehe yake haijapita, bas.

Hatua ya 5: vya elektroniki, na hapa ndo watu wanapopoteza pesa

Sisemi usinunue. Nasema jua kinaongea na nani.

PLB, kile kidude cha mtu mmoja cha kuita uokozi, inatuma ishara kwa masafa ya 406 MHz kwenda setilaiti za Cospas-Sarsat, yenye GPS inatuma na mahali ulipo, na kwa karibu inatoa 121.5 MHz ili mwenye chombo cha kupokelea akufate. Hii haimhitaji mvuvi wala nahodha, inaongea na mbingu, alafu taarifa inateremka kwenye kituo cha uokozi, kwetu ni MRCC Dar es Salaam, na Mombasa nao wapo. Uzuri wake haina ada ya mwezi. Ubaya wake ni tatu. Nyingi hazijatengenezwa kwenda kina, mita kumi kumi na tano zinaingia maji, kwaiyo lazima ununue na kopo lake la kuzamia lenye oringi, ule mpira wa kuzuia maji, na hilo kopo nalo ni pesa. Pili, lazima iandikishwe, na angalia imeprogramiwa kwa nchi gani mana inaandikishwa kufuatana na namba ya nchi hiyo, na nambari ya mtu wa nyumbani iwe ya mtu anayepokea simu, sio yule kaka yako ambaye simu yake iko chaji kila siku. Tatu, ishara kufika ni haraka, boti kukufikia ni saa, kwaiyo bado unahitaji soseji ili wakifika karibu wakuone. Bei hesabu dola mia tatu na zaidi kabla ya kopo.

Ya AIS, kama ile ya Nautilus ambayo ikifungwa inahimili mita 130, ni ndogo, inaingia kwenye mfuko wa bisidii, na ni rahisi kuliko PLB. Inatuma mahali ulipo kwa vyombo vyenye AIS na ishara ya DSC, mwito wa dharura wa kidijitali, kwenye redio za VHF. Kwenye bahari za wenzetu ambako boti yako ya daivingi ina skrini, hiki ni kifaa cha ajabu, nahodha anakuona kama nukta anakuja moja kwa moja. Huku kwanza muulize nahodha wako: una AIS? Una redio yenye DSC? Akisema hana, kifaa chako kitaongea na meli kubwa zinazopita na feri kama ziko karibu, na mvuvi aliye mita mia tatu hatajua lolote. Kama unazamia na boti za safari za siku nyingi zenye vifaa kamili, au wewe ndo mwenye boti, nunua vyote viwili pamoja, cha kutuma na cha kupokea.

Vile vya kutuma meseji kwa setilaiti, Garmin inReach na ndugu zake, vinataka malipo ya kila mwezi na havijatengenezwa kuzamia, ni kopo tena. Mie nasema kiache kwenye boti, kiwe cha nahodha, sehemu ambazo mtandao wa simu haupatikani nje ya Pemba kinasaidia kweli.

Hatua ya 6: pa kuvaa

Kifaa kilichobaki kwenye begi botini ni pambo. Firimbi kwenye hosi ya bisidii juu, mdomo uifikie bila mkono. Soseji na spuli mfuko wa kulia, zimefungwa kwa mpira. Kioo na taa ya kumweka mfuko wa kushoto, kila kimoja na kamba yake, kwa sababu vidole vikiwa baridi utaangusha na hakuna anayeokota kitu kwenye ukuta wa Misali. Alafu fumba macho, ukiwa majini ufukweni, vitoe kimoja kimoja. Ukishindwa kukitoa umefumba macho ufukweni, hutakitoa kwenye wimbi.

Kuosha: chumvi. Visima vingi vya vijiji vya pwani maji yake yana chumvi, unaosha unaongeza, tumia ya mvua au ya bomba. Soseji ikaushe ndani pia, isije ikagandana.

Hatua ya 7: kabla boti haijang'oa nanga

Mwaka 1998 wanandoa wa Kimarekani waliachwa kwenye Great Barrier Reef, Australia, kwa sababu hesabu ya watu kwenye boti ilikosewa, na hawakuonekana tena. Honi wala setilaiti haimsaidii mtu ambaye hakuna anaejua amekosekana. Kwaiyo hesabu kwa majina, kila mtu aitike mwenyewe, sio "tupo sote?" watu wakajibu "tupoo" kama skuli.

Na nahodha: mwambie mnashuka saa ngapi, mnapanda saa ngapi, mkondo unakwenda wapi, soseji yenu rangi gani, na msipoonekana dakika kumi baada ya muda asikae palepale anasubiri, afuate mkondo na aanze kupiga simu. Kwa nani? Nambari ya mwenye boti, ya KMKM iliyo karibu, na 112, ziandikwe kwa kalamu nzito ubaoni ndani ya boti. Utabiri wa bahari wa TMA, mamlaka ya hali ya hewa, usomwe asubuhi. Ukiona nahodha anakereka na maswali haya, badilisha boti.

Hatua ya 8: imeshatokea

Jaza bisidii, toa risasi za uzito kiunoni ukiona ni ya muda mrefu, maski na suti usivue. Shikaneni, funganeni kwa uzi wa spuli, mkae kitu kimoja kikubwa badala ya nazi nne. Usishindane na mkondo. Soseji moja isimame muda wote, nyengine wekeni akiba, na mtu wa kuishika abadilishwe mana mikono inakufa ganzi. Kioo kizunguke upeo wote hata kama huoni boti, huenda yeye anakuona.

Jambo moja la kwetu: usipunge mkono mmoja! Kimataifa kwa wazamiaji ni ishara ya shida, lakini mvuvi au boti ya watalii wakiona mtu anapunga watapunga na wao, "mambo!" na wapite. Nyoosha mikono yote miwili pembeni, ipandishe na kuishusha polepole, tena na tena, au tikisa soseji kulia kushoto. Mtu anayesalimia hafanyi hivyo.

Na usikate tamaa na wavuvi. Mwaka 2022 Malaysia wazamiaji wawili walichukuliwa na mkondo siku mbili na zaidi, mwisho waliowaona ni wavuvi.

Sasa pesa. Ukiwa na kidogo: firimbi, kioo, soseji ndefu ya mdomo uliofungwa, unaweza kuwa hujafika dola themanini. Mwezi ujao taa ya kumweka. Ukipata zaidi, spuli ya mita 30 na honi. PLB na kopo lake inunue ukianza kwenda Leven na Pemba mara kwa mara, au mchangie mkiwa kikundi, moja abebe kiongozi. AIS ya mwisho, siku boti yenu itakapokuwa na skrini. Yangu mie soseji sasa ni ya mita mbili, ya waridi, wanangu wanaicheka wanasema baba anakwenda na mgomba. Nimeikunja iko mfukoni, na ile ya mita moja nimempa jirani yangu anafungia nyavu.